Vepu ya Bangi Arusha: Mambo ya Kujua Kabla ya Kuishika

Kwa mbali ni kalamu tu. Ina urefu wa kidole au zaidi kidogo, ganda la plastiki au bati lenye rangi za peremende, mdomo bapa wa kuvutia juu na tundu la chaja chini. Ubavuni mara nyingi pana kidirisha, na ukiigeuza kichwa chini utaona mafuta mazito ya rangi ya asali yakishuka taratibu. Haitoi moshi unaonusika nyumba tatu mbele kama msokoto. Hutoa mvuke mwepesi unaonukia embe au ndimu, na baada ya dakika moja au mbili aliyeingia chumbani hajui kilichotokea. Hiyo ndiyo vepu ya bangi ya kutupwa: huuzwa ikiwa imekwisha kujazwa, huvutwa hadi mafuta yaishe, kisha hutupwa.

Arusha na bangi wanajuana siku nyingi. Mitaani Dar es Salaam huitwa "cha Arusha" hata kama imetoka kwingine kabisa, na mwaka 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, DCEA, ilipanda hadi Kisimiri Juu, wilayani Arumeru, kuteketeza mashamba ya bangi kwenye miteremko ya Mlima Meru.

Ila vepu haikutoka mlimani. Bangi ya Meru ni majani: huvunwa, huanikwa, hufungwa kwenye magunia, mwisho hugawanywa kete. Mafuta ya vepu hukamuliwa kwa kemikali kama ethanoli au gesi ya buteni, kisha husafishwa kwa mitambo hadi ibaki karibu THC tupu, yaani ile kemikali ya bangi inayolevya. Kwa hiyo anayemnong'oneza mteja mitaa ya Sakina au Kijenge kwamba kalamu yake ina mafuta halisi ya Kisimiri anauza hadithi. Kifaa hiki ni cha ng'ambo, na mahali kinapouzwa kihalali, kama California na Kanada, ndiko wanakotoka wageni wengi wanaokuja kuona Serengeti na kupanda Kilimanjaro na Meru. Fainali za soka za Afrika, AFCON 2027, zinatarajiwa kuleta wengine.

Mwongozo huu ni kwa mgeni huyo, lakini zaidi ni kwa wanaompokea: kiongozi wa watalii, mpagazi, mhudumu wa hoteli, na mzazi wa Njiro au Usa River aliyekuta kitu asichokielewa kwenye begi la shule. Atakayeuliza achague vepu ipi, jibu la hapa Tanzania ni fupi: hakuna ya kuchagua. Sababu zake ndizo zinazohitaji maelezo.

Kilichomo ndani

Ukiipasua utakuta vitu vinne: betri ya lithiamu, kihisio kinachoamka mtu anapovuta, kipashajoto cha waya au kauri, na kitangi chenye nusu gramu hadi gramu mbili za mafuta. Nyingi hazina hata kitufe. Mtoto wa darasa la tano anaweza kuitumia bila kuelekezwa.

Bangi ya majani huwa na THC ya asilimia chache, na ile iliyozalishwa kitaalamu hufika asilimia 20 na ushee. Mafuta ya vepu hutangazwa kuwa na asilimia 70 hadi 90. Mvuke wenyewe hauchomi koo kama moshi, basi aliyezoea msokoto huvuta kwa mazoea yake yaleyale na kujikuta amezidisha kabla mwili haujamwambia. Ulevi hupanda ndani ya dakika chache, hufika kileleni kama nusu saa baadaye, na huweza kudumu saa kadhaa. Moyo hudunda kasi. Kwa baadhi ya watu huja hofu kali isiyo na sababu, na wengine hudhani wanakufa.

Hayo ni ya mafuta safi. Yaliyochakachuliwa yana habari nyingine, na Marekani iliipata kwa gharama ya maisha ya watu mwaka 2019. Kiangazi cha mwaka huo hospitali zilianza kupokea vijana wasio na historia ya ugonjwa, wakikohoa, wakitapika, wakishindwa kupumua. Hadi Februari 2020 kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilikuwa kimehesabu wagonjwa 2,807, na vifo 68 vilivyothibitishwa. Wengi wao walikuwa wamevuta vepu za THC, hasa zilizonunuliwa mitaani au kupewa na marafiki.

Kinachostahili kutazamwa kwa karibu ni namna udanganyifu ulivyofanyika. Wavutaji walikuwa na kipimo chao: geuza kalamu, tazama kipovu cha hewa. Kikipanda polepole, mafuta ni mazito, mali ni safi. Wachakachuaji walikijua kipimo hicho vizuri kuliko wateja. Wakatafuta kitu cha bei nafuu, kizito, kisicho na harufu, cha kuongezea ujazo bila kipovu kuanza kukimbia. Wakakipata: asetati ya vitamini E, ile inayotiwa kwenye vidonge vya lishe na mafuta ya ngozi. Ukiimeza au kujipaka haina neno. Ikipashwa moto na kuingia mapafuni ni jambo jingine. Watafiti walipochunguza majimaji ya mapafu ya wagonjwa 51 waliikuta kwa 48. Kwa maneno mengine, kalamu iliyofaulu mtihani wa kipovu huenda ndiyo iliyomlaza mtu chumba cha wagonjwa mahututi, na bado wapo wanaofundishana kipimo hicho mpaka leo.

Na jina lililotajwa mno na wagonjwa lilikuwa Dank Vapes. Hapakuwa na kampuni ya jina hilo. Vilikuwa vifungashio vitupu vilivyouzwa mtandaoni, maboksi mazuri yenye nembo, na kila mjazaji akajaza chake.

Mfano wa karibuni zaidi unatoka Uingereza. Mwaka 2024 Chuo Kikuu cha Bath kilitangaza matokeo ya kupima vepu 596 walizonyang'anywa wanafunzi katika shule 38. Moja kati ya kila sita ilikuwa na "spice", yaani bangi bandia ya maabara, ambayo inaweza kumwangusha mtu kwa degedege kwa kiasi kidogo mno. Wengi wa watoto wale waliuziwa wakiambiwa ni THC ya kawaida, kana kwamba hiyo ya kawaida ni pipi.

Basi rangi ya boksi, msimbo wa kuskani kwa simu, harufu, kipovu, kiapo cha muuzaji: hakuna hata kimoja kinachoonyesha kilichomo. Kinachoonyesha ni maabara, na kwa Arusha maabara ya kazi hiyo ni ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ofisi ya Kanda ya Kaskazini. Sampuli zake za dawa za kulevya huletwa na vyombo vya dola. Mteja hapeleki.

Sheria inavyoihesabu

Wapo wanaodhani kwamba kwa kuwa si jani, si bangi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961 kuhusu dawa za kulevya, ambao Tanzania ni mwanachama wake, unataja bangi pamoja na utomvu na dondoo zake. Mafuta ya vepu ni dondoo.

Sheria inayotumika Tanzania Bara ni Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015, iliyofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2017. Msomaji anapaswa kulielewa neno moja ndani yake, "kusafirisha", kwa sababu mahakamani lina upana zaidi kuliko lilivyo sokoni. Linagusa kuingiza nchini, kununua, kuuza, kutoa, kuhifadhi na hata kumiliki. Adhabu ya kusafirisha bangi isiyozidi kilo 50 ni kifungo cha miaka 30. Vipo vifungu vya kiasi kidogo cha matumizi binafsi vyenye adhabu nyepesi zaidi, lakini anayepanga maisha yake akitegemea kwamba mwendesha mashtaka atachagua hivyo anacheza kamari. Anayempa rafiki yake kalamu avute mara moja kwenye baa ya Njiro hajauza kitu, lakini ametoa.

Zanzibar ina mamlaka yake na sheria yake ya 2021. Anayevuka kwa boti au ndege baada ya safari ya mbugani asidhani kisiwa kina huruma zaidi.

Anayetaka kuona gramu isiyofika moja inavyoweza kupima maisha ya mtu amtazame Brittney Griner, nyota wa mpira wa kikapu wa Marekani. Februari 2022 alikamatwa uwanja wa ndege wa Sheremetyevo, Moscow, akiwa na vitangi vya vepu vyenye mafuta ya bangi. Uzito wa mafuta ulitajwa mahakamani kuwa gramu 0.702. Alikuwa na barua ya daktari wa Arizona. Agosti mwaka huohuo alihukumiwa miaka tisa jela, na hakutoka hadi Desemba, Marekani ilipomwachia Viktor Bout, mfanyabiashara wa silaha ambaye jina lake wanaofuatilia vita vya Kongo wanalijua. Urusi siyo Tanzania, na kesi ile ilikuwa na siasa zake. Lakini barua ya daktari haikumsaidia kule, na haitamsaidia mtu kwenye uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, KIA.

Kabla ya kupanda ndege

Vepu zina tabia ya kujificha bila mwenyewe kukusudia: mfuko wa ndani wa koti la baridi, begi la kamera, pochi ya vipodozi. Mgeni anayekuja Arusha apekue kila mfuko akiwa bado nyumbani kwake, na afanye hivyo pia kwa begi aliloazima.

Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga tangu 2015 zinakataza sigara za kielektroniki kwenye mizigo inayopakiwa chini ya ndege kwa sababu betri za lithiamu hushika moto. Lazima ziwe kwenye begi la mkononi, yaani begi linalopita kwenye mashine mbele ya macho ya afisa. Ndege nyingi za kuja KIA hupitia Doha, Istanbul, Addis Ababa au Amsterdam, na kila kituo kina sheria yake. Qatar haina mzaha na dawa za kulevya. Amsterdam huwachanganya watu: ni kweli maduka yake ya kahawa huuza bangi ya majani kwa kuvumiliwa, ila mafuta ya bangi Uholanzi yamewekwa kundi moja na dawa kali, na kuvuka nayo mpaka ni kosa.

Anayeingia kwa barabara kutoka Nairobi atapita Namanga, ambako tangu 2018 maafisa wa nchi mbili wanafanya kazi katika kituo kimoja. Pande zote mbili bangi ni haramu.

Na mafuta ya CBD, kemikali nyingine ya bangi isiyolevya, yale yanayouzwa Ulaya kwa ajili ya usingizi na maumivu ya viungo? Yaachwe pia. Mengi yana mabaki ya THC, na kipimo kikishaonyesha THC, maelezo ya usingizi hayabadilishi karatasi ya mkemia.

Ndugu walio ughaibuni wana swali lao. Aliye Toronto, ambako bangi ni halali tangu Oktoba 2018, ana kitu ambacho aliye Arusha hana: duka lenye leseni, stempu ya ushuru kwenye kifungashio, na bidhaa iliyopimwa maabara kabla ya kufika rafuni. Akiamua kutumia, achague huko tu, asinunue kwa mtu wa kwenye maegesho. Aliye Marekani na bado hajapata uraia ajihadhari zaidi kuliko mwenzake. Jimbo lake linaweza kuruhusu, lakini uhamiaji hufuata sheria ya shirikisho, na kukiri matumizi ya bangi kumewahi kuharibu maombi ya uraia. Wote wawili wanaporudi Desemba kusalimia wazazi Tengeru, kalamu inabaki kule.

Kiongozi wa watalii na ombi la pembeni

Ombi huja siku ya pili au ya tatu, mgeni akishazoeana na dereva. "Kaka, unaweza kunitafutia kitu?" Wengine hutoa vepu yao wenyewe na kumkaribisha dereva avute. Kiongozi mzoefu hajibu kwa hotuba wala kwa kicheko kinachoacha mlango wazi. Husema: "Samahani, hapa ni kosa la jinai, na mimi nikikutafutia nafungwa zaidi yako. Tusilizungumzie tena." Likisemwa mapema, kwa sauti ya kawaida, mgeni haoni aibu na bakshishi haipungui sana. Anayeona inapungua akumbuke kwamba sheria inaruhusu kutaifisha chombo cha usafiri kilichotumika katika kosa, na bei ya Land Cruiser iliyorefushwa anaijua mwenyewe.

Mlimani pana sababu nyingine. Njia ya Meru huanzia lango la Momella, hupita kibanda cha Miriakamba, kisha Saddle kwenye mita 3,570 hivi, na kilele kinazidi mita 4,560. Kule juu moyo tayari unakimbia kutafuta oksijeni, na THC huuongezea mbio. Kizunguzungu, kichefuchefu na kuchanganyikiwa ni dalili za ugonjwa wa mwinuko, na ni dalili za aliyezidisha vepu vilevile. Kiongozi anayelazimika kuamua saa nane usiku kama mteja ashushwe au aendelee anahitaji kujua ni ipi kati ya hizo, na asipojua amshushe. Kila kundi la Meru hupanda na askari wa hifadhi mwenye bunduki kwa ajili ya nyati, kwa hiyo anayedhani kibandani hakuna macho ya serikali amekosea hesabu.

Wanariadha wanaofanya mazoezi Arusha nao wasikilize. THC imo kwenye orodha ya vitu vilivyokatazwa wakati wa mashindano, na mabaki yake hukaa kwenye mkojo siku kadhaa, kwa mtumiaji wa kila siku wiki kadhaa. Mmarekani Sha'Carri Richardson alishinda mita 100 katika mchujo wa 2021, akapimwa, akaikosa mbio yake ya Olimpiki ya Tokyo.

Mzazi aliyeikuta kwenye begi

Asianze na fimbo. Aanze kwa kujua kwamba kwa macho hawezi kutenganisha vepu ya nikotini na ya bangi kwa uhakika. Ya nikotini kwa kawaida ni nene zaidi, na kimiminika chake ni chepesi kama maji ya sharubati. Ya bangi huwa nyembamba, mafuta yake ni mazito, na huweza kuwa na herufi THC au picha ya jani. Lakini maganda huigwa, na matokeo ya Bath yanaonyesha kwamba hata muuzaji anaweza asijue anachouza.

Dalili kwa mtoto ni macho mekundu, kinywa kukauka, njaa ya ghafla, kusahau sentensi katikati, usingizi wa mchana na kikohozi kisichoisha. Kila moja ina maelezo mengine pia. Swali linalozaa jibu ni la utulivu: alipewa na nani, amevuta mara ngapi, na akivuta anajisikiaje. Mtoto anayejua kwamba ukweli hautamfukuzisha nyumbani atasema jina la anayeuza jirani na shule, na hilo ndilo jina ambalo DCEA inalihitaji kupitia namba yake ya bure, 119.

Kifaa chenyewe kisichomwe na takataka uani wala kupondwa kwa nyundo. Betri ya lithiamu ikitobolewa hulipuka moto, na ikitupwa hovyo huishia dampo la Muriet pamoja na mabaki ya chakula, mahali ambapo watu huokota vitu kwa mikono. Kisiwe pia kitu cha mzazi kuzungukanacho mjini kwenye mkoba akiuliza marafiki ni nini. Apige 119 kwanza, aeleze alichokikuta na aulize akikabidhi wapi.

Mtu akizidiwa

Mwondoe kwenye kelele, mkalishe, usimwache peke yake. Akiwa na hofu tu na anaongea vizuri, mwambie kwamba hali itapungua baada ya saa chache, na mpe maji kidogo kidogo. Akiwa na usingizi mzito, mlaze ubavu ili matapishi yasimzibe. Maziwa, dawa ya majumbani kwa kila sumu, hayana kazi hapa: kilichoingia kwa mapafu kimeshafika kwenye damu, na kumnywesha mtu aliyelegea ni kumpalia.

Degedege, kuzimia, maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, au mtoto mdogo aliyevuta au kulamba mafuta: usingoje kupambazuke. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru iko mjini. Mwambie daktari kilichovutwa bila kuzunguka, maana matibabu ya aliyevuta THC si ya mwenye malaria kali, na dakika zinazopotea kwenye uongo wa aibu ni za mgonjwa. Kikohozi, homa na kichefuchefu vinavyoanza siku au wiki kadhaa baada ya kuvuta navyo vitajwe, kwa kuwa wagonjwa wa Marekani mwaka 2019 walianza hivyohivyo na wengi wakadhaniwa wana nimonia.

Kwa aliyepekuliwa na kukutwa nayo, mambo ni machache: asikimbie, adai shahidi huru na hati ya vitu vilivyochukuliwa, aisome kabla ya kusaini, aombe wakili kabla ya kuandika maelezo. Asitoe kitu kidogo ili yaishe, kwani hapo kosa moja limekuwa mawili.

Wenye hoteli na kampuni za utalii wana nafasi ambayo polisi hawana: huwaandikia wageni wiki kadhaa kabla ya safari, kuwaambia walete koti la mvua, dawa ya malaria na nguo zisizo na rangi ya bluu kwa sababu ya mbung'o. Kwenye barua hiyohiyo waongeze sentensi moja: vepu yoyote yenye THC au CBD ibaki nyumbani, kwani nchini Tanzania bangi ni kosa la jinai hata kwa mwenye cheti cha daktari.